Gemu za RPG za Kijapani na Soko la Magharibi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila JRPG mpya inapotoka, maswali haya hurudi. Yamepangwa kuanzia ya mtu anayeanza hadi ya wabishi. Jambo likiwa limeshajibiwa kwingine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mwanzo kabisa

1. JRPG ni gemu ya aina gani?

RPG ni gemu ambayo unashika nafasi ya mhusika anayekua kadiri unavyocheza: anapanda leveli, anabadilisha silaha, anajifunza uchawi. Hiyo J ya mbele ni ya Japani.

Kwa kawaida JRPG inakupa mhusika mwenye jina, sura na historia iliyokwisha kuandikwa, kisha inamkusanyia wenzake mmoja mmoja mpaka kikosi kinatimia. Mapambano mara nyingi ni ya zamu: wewe unachagua pigo, adui anajibu. RPG za Magharibi za aina ya Skyrim huanzia upande mwingine. Unajiundia mtu wako, unaachiwa nchi kubwa ya kuzurura, na hadithi utaifuata ukijisikia. Kuna gemu nyingi zinazokaa katikati; tazama swali la 19.

2. Asili yake ni Japani kweli?

Nusu tu. Mwaka 1974 ilitoka Dungeons & Dragons nchini Marekani, mchezo wa mezani wa kete na karatasi. Vijana wakauhamishia kwenye kompyuta, na kufikia 1981 tayari kulikuwa na Wizardry na Ultima. Yuji Horii wa Japani alizipenda zote mbili. Alipotengeneza Dragon Quest (1986), kazi yake kubwa ilikuwa kupunguza. Alichukua ramani ya kutazamwa kutoka juu ya Ultima na mapambano ya ana kwa ana ya Wizardry, akavibana viingie kwenye Famicom, konsoli yenye vitufe vichache. Michoro akampa Akira Toriyama, muziki Koichi Sugiyama. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna kompyuta akaweza kucheza RPG.

Kwa hiyo JRPG ilipofika Marekani ilikuwa inarudi ilikotoka. Wenye kompyuta waliiona ya kitoto. Watoto wenye Nintendo hawakuwa na habari na Ultima, na kwao kila kitu kilikuwa kipya. Hao ndio waliokuja kuwa soko.

3. "Magharibi" ni wapi hasa?

Kampuni zikisema hivyo humaanisha Amerika Kaskazini na Ulaya, ila hilo halijawahi kuwa soko moja. Kwa miaka mingi Ulaya ilikuwa mtoto wa kambo. Chrono Trigger iliingia Marekani mwaka 1995. Ulaya iliipata 2009, kwenye Nintendo DS. Kabla ya ile ya saba, hakuna gemu yenye namba ya mfululizo wa Final Fantasy iliyouzwa Ulaya. Televisheni za huko zilitumia mfumo wa hezi 50 badala ya 60, hivyo gemu ilibidi irekebishwe, la sivyo inatambaa na kuwa na mistari myeusi juu na chini. Tena Ulaya inataka Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kiitaliano, na gemu hizi zina maandishi ya kujaza kitabu kinene.

Mara mojamoja mambo yaligeuka. Terranigma iliuzwa Ulaya mwaka 1996, na Marekani haikuuzwa kamwe. Sisi wa Afrika Mashariki tunacheza matoleo yale yale ya Kiingereza, kwa hiyo uamuzi uliofanywa kwa ajili ya mtoto wa Ohio au Manchester ndio unaotufikia.

## Zilivyovuka bahari

4. Kwa nini namba za Final Fantasy za zamani zinachanganya?

Kwa sababu nyingine zilirukwa. Ya kwanza ilitoka Japani 1987 ikafika Marekani 1990. Ya pili na ya tatu hazikuletwa. Ya nne ilipoletwa mwaka 1991 ikabandikwa namba II, mnunuzi asije akauliza nyingine ziko wapi. Ya tano ikaachwa, ya sita ikaingia 1994 ikiitwa III. Kisha mwaka 1997 ikaja VII kwa namba yake halisi, na watu wakabaki wanahesabu vidole. Ukimsikia mtu mzima wa Kimarekani akiapa kwamba Final Fantasy III haina mpinzani, uwezekano mkubwa anaizungumzia ya sita.

5. Japani Dragon Quest inapendwa na taifa zima. Kwa nini Marekani haikushika?

Kwanza ilichelewa. Mtoto wa Tokyo aliipata 1986. Wa Chicago 1989, picha zake zikiwa zimeshazeeka. Jina nalo likabadilishwa kuwa Dragon Warrior, maana Marekani kulikuwa na mchezo wa mezani ulioitwa DragonQuest. Nintendo, iliyoiuza huko, ilibaki na katriji nyingi, ikaishia kuzigawa bure kwa waliolipia jarida lake la Nintendo Power. Watoto wengi wa Kimarekani walionja RPG kwa mara ya kwanza kupitia zawadi hiyo, ila matunda yake walikuja kuyavuna wengine.

Baadaye mlolongo ukakatika. Ya tano na ya sita hazikufika Marekani hadi 2009 na 2011, zikiwa zimetengenezwa upya kwa ajili ya DS. Michoro ya Toriyama, ambayo Japani ilitosha kuuza gemu yenyewe, Marekani haikuwa na jina mpaka Dragon Ball Z ilipopata televisheni mwishoni mwa miaka ya 1990. Jina halisi la Dragon Quest lilirudi na ile ya nane mwaka 2005, na sanduku lake la Marekani lilikuwa na kionjo cha Final Fantasy XII ndani. Masihara ya wakati ule yalikuwa kwamba watu wananunua kionjo, Dragon Quest ni nyongeza.

Ipo sababu nyingine isiyohusu biashara. Dragon Quest haipendi kubadilika. Milio ya menyu ni ile ile, yale madubwana ya utelezi ya rangi ya buluu ni yale yale. Kwa Mjapani hilo ni utoto wake unaomrudia. Kwa asiye na utoto huo, ni gemu ya kizamani. Ya kumi na moja (Magharibi 2018) iliwavuta wengi wapya, lakini umri uliopotea haurudishwi na tangazo.

Na ile habari ya sheria inayokataza kuitoa Dragon Quest siku za kazi ni uvumi. Kilichotokea ni kwamba ya tatu ilipotoka 1988 wanafunzi walitoroka shule kwenda kupanga foleni, na kwa miaka mingi baadaye zikawa zinatolewa siku za mapumziko.

6. Je, ni Final Fantasy VII iliyofungua mlango?

Mlango ulikuwa wazi kidogo tayari, tangu Phantasy Star ya Sega mwaka 1988. Ila VII ndiyo iliyoung'oa na bawaba zake.

Square, kampuni iliyotengeneza Final Fantasy, ilikuwa imeachana na Nintendo na kuhamia PlayStation, kwa kuwa katriji za Nintendo 64 zisingebeba gemu iliyojaa diski tatu. Sony ikajitwika kuiuza Marekani na Ulaya, na ikamwaga fedha kwenye matangazo. Matangazo yenyewe yalikuwa ya ujanja: vipande vya video vilivyopendeza kama sinema, menyu za mapambano hazionekani hata kidogo. Mtu ananunua akidhani ni filamu ya kuchezwa, anafika nyumbani anakutana na orodha ya maneno: shambulia, uchawi, kifaa.

Nao wakabaki, jambo ambalo wafanyabiashara hawakulitarajia. Walikuta jiji la Midgar, tabaka juu ya tabaka, na kampuni inayoinyonya dunia uhai wake kuwasha taa. Walikuta shujaa asiyejua kumbukumbu zipi ni zake. Walikuta kifo kimoja ambacho sitamtaja aliyekufa, maana bado kuna watu hawajacheza. Tafsiri ya Kiingereza ilikuwa na makosa ya wazi ya sarufi, na hakuna aliyejali. Imeshauza zaidi ya nakala milioni 10. Baada yake wauzaji wakaanza kuvuta vitu ambavyo wangeviacha Japani, kama Xenogears iliyoingia Marekani 1998 na mizigo yake yote ya dini na falsafa.

7. Pokémon inahesabika?

Inahesabika: kikosi, zamu, leveli, safari ya mji hadi mji. Ilifika Marekani Septemba 1998 pamoja na katuni zake, na mtoto aliyeshika Game Boy hakuambiwa kwamba anacheza JRPG. Labda ndiyo maana hakuikimbia.

## Kinachowavuta

8. Mchezaji wa Magharibi anaona nini ndani yake?

Jibu la kwanza ni watu. JRPG nzuri inakupa wenzako wa safari na inakupa muda wa kukaa nao. Mfululizo wa Persona ndio uliolifikisha jambo hili mbali zaidi. Mchana uko shule, jioni unakula rameni na rafiki aliyefukuzwa kwenye timu, usiku mnaingia pamoja kwenye ulimwengu wa giza, na urafiki ulioujenga mchana ndio unaokupa nguvu za usiku. Persona 5 inachukua kwa urahisi zaidi ya saa 100. Ukikaa na watu kiasi hicho, kuagana nao kunauma, hata kama ni wa kuchorwa.

La pili ni ukosefu wa haya. Katika miaka ya 2000 gemu kubwa za Marekani zilijaa askari wakimya na rangi za udongo. JRPG inaweka kilio cha msiba, dakika tano baadaye inakutuma kushindana mbio za kuku wakubwa wa manjano, halafu adui mkuu anatoa hotuba kuhusu maana ya kuishi. Kwa mwongozo wa uandishi wa Hollywood hilo ni fujo. Mashabiki wanalitaka lilivyo.

La tatu ni hesabu. Kuna mtu hajali hadithi kabisa. Yeye anataka kuunganisha materia (mawe ya uchawi) za Final Fantasy VII au kazi wanazopewa wahusika wa Final Fantasy V mpaka apate mchanganyiko unaomwangusha bosi kwa pigo moja. Mtu huyo ni mwaminifu kuliko wote, na hufungua faili la hesabu kabla ya kufungua gemu.

La nne ni Japani yenyewe: treni za Shibuya, maduka yasiyofungwa usiku, sherehe za shule. Hapo zamani wauzaji waliona hili kama kasoro ya kufichwa (swali la 12). Likaja kuwa ndilo linalouza.

9. Mapambano ya zamu hayajapitwa na wakati?

Yamezikwa mara nyingi na kila mara kaburi limekutwa tupu. Hoja ya kuyazika ni kwamba zamu zilitokana na udhaifu wa mashine, na mashine zikishaweza, kila mtu atataka kupiga upanga mwenyewe. Final Fantasy yenyewe imeelekea huko: ya kumi na sita (2023) ni ya vitendo moja kwa moja.

Wakati huohuo mfululizo wa Yakuza, uliokuwa wa ngumi za mitaani, ukageukia zamu mwaka 2020 kwenye Yakuza: Like a Dragon. Aprili mosi ya 2019 watengenezaji walikuwa wametoa video ya mapambano hayo, watu wakacheka wakidhani ni mzaha wa siku hiyo. Shujaa wake, Ichiban Kasuga, ni mtu mzima anayeipenda Dragon Quest kiasi cha kuyaona maisha kama RPG. Mwaka 2023 Baldur's Gate 3, ya Ubelgiji tena, ikaliteka soko kwa zamu na kete. Watu hawajachoka na zamu. Wamechoka kurudia pambano lile lile mara mia ili kupanda leveli, na gemu za siku hizi zimepunguza adha hiyo kwa kukuruhusu kuongeza kasi au kuwakwepa maadui wadogo.

10. Anime inahusika vipi?

Ndiyo iliyoandaa macho. Nchini Ufaransa kipindi cha Club Dorothée kilianza 1987 na kikawarushia watoto Dragon Ball tangu 1988, miaka kumi kabla Wamarekani hawajaizoea kwenye kipindi chao cha katuni cha Toonami. Ukiona macho makubwa na nywele za miiba tangu utotoni, jalada la gemu halikushtui. Ndiyo maana Ufaransa inashabikia JRPG kwa kiwango kinachowashangaza wageni, na ndiyo maana habari ya swali la 20 haikuwashangaza Wafaransa.

11. Na muziki?

Kazi za Nobuo Uematsu, mtunzi wa muziki wa Final Fantasy, zinapigwa na okestra kamili katika maonyesho ya Distant Worlds, yaliyoanzia Stockholm mwaka 2007 na yanaendelea kuzunguka dunia. Wanaojaza viti wamo wasioshika gemu tangu waoe.

## Tafsiri, kukata na kubandika

12. Kwa nini matoleo ya zamani yalibadilishwa hivyo?

Kwa hofu, na kwa kanuni. Nintendo ya Marekani haikutaka dini wala pombe kwenye konsoli yake. Katika Final Fantasy VI baa zikaitwa mikahawa, na uchawi wenye jina takatifu ukaitwa lulu.

Hofu ilikwenda mbali kuliko kanuni. Persona ya kwanza ilipoletwa Marekani 1996, wanafunzi wa Kijapani walipewa majina ya Kimarekani, na mmoja wao, Mark, akachorwa upya kuwa mtu mweusi, wakati hadithi nzima bado inanuka shule ya Kijapani. Mwaka 1995 EarthBound, inayocheka maisha ya vitongoji vya Marekani kwa upendo mkubwa, ilitangazwa kwa kadi za kukwaruza na kunusa zenye harufu mbaya na kaulimbiu kwamba gemu inanuka. Haikununuliwa. Nier ya 2010 ilikuwa na matoleo mawili Japani, moja la kaka kijana anayemwokoa dada yake na lingine la baba mtu mzima na bintiye. Magharibi ikapewa baba peke yake, kwa dhana kwamba wanataka wanaume wenye misuli. Binafsi nampenda yule baba kuliko kaka, ila nilipaswa kuchagua mwenyewe. Kaka alikuja 2021. Hata Final Fantasy XIII ilibadilishiwa wimbo wake, ukawekwa wa Leona Lewis wa Uingereza.

Karibu kila kilichofichwa kilikuja kudaiwa na wanunuzi wenyewe. Persona 5 imejaa majina ya Kijapani, heshima za "senpai" na "san" zimeachwa zilivyo, na mitaa ya Tokyo inaonyeshwa kama ilivyo.

13. Tafsiri nzuri ya JRPG ni ipi?

Ile inayoamua sauti yake na kuishikilia. Ted Woolsey aliitafsiri Final Fantasy VI akiwa na nafasi finyu ya katriji na muda mfupi. Alikata mengi, lakini adui wake Kefka anaongea kwa namna isiyosahaulika. Alexander O. Smith aliipa Vagrant Story (2000) Kiingereza cha kale chenye uzito wa jukwaani, na wapo wanaosema toleo lake lina ladha kuliko la Kijapani. Ujerumani, Claude Moyse aliijaza Secret of Mana utani wa Kijerumani. Waliokuwa watoto wakati huo hawataki kusikia tafsiri nyingine. Kampuni ya Working Designs ya Marekani ilipenda kuchomeka mizaha ya siasa na televisheni za wakati wake, na hiyo imechacha vibaya.

Ujanja mmoja uliofanikiwa ni lafudhi za Uingereza. Dragon Quest VIII na Xenoblade Chronicles zilitumia waigizaji wa Kiingereza cha Uingereza, cha mitaani na cha mashambani, na masikio ya Wamarekani yakapata dunia ya mbali bila kusikia lafudhi za katuni zao za Jumamosi.

14. Mashabiki wana mchango gani?

Mkubwa kuliko kampuni zinavyopenda kukiri. Final Fantasy V ilitafsiriwa na mashabiki miaka ya 1990, kabla Square haijaileta rasmi 1999. Mother 3 ya 2006 haijawahi kutoka rasmi nje ya Japani. Mwaka 2008 kikundi kilichoongozwa na Clyde Mandelin, mtafsiri kitaaluma, kikaikamilisha kwa Kiingereza bila malipo.

Kisha kuna Operation Rainfall. Mwaka 2011 Nintendo ya Marekani haikuonyesha nia ya kuleta Xenoblade Chronicles, The Last Story na Pandora's Tower, ilhali Ulaya ilikuwa inaletewa (kinyume cha swali la 3, na Wamarekani waliumia). Mashabiki wakaandika barua, wakapiga simu, wakaiagiza mapema gemu isiyo na tarehe mpaka ikapanda kwenye orodha ya mauzo ya Amazon. Xenoblade iliingia Aprili 2012, nyingine mbili zikafuata. Leo Xenoblade ni moja ya nguzo za Nintendo.

15. Nicheze kwa sauti za Kijapani au za Kiingereza?

Jaribu zote mbili saa ya kwanza. Gemu nyingi mpya zinakuachia chaguo. Zenye hadithi za Ulaya ya kubuni, kama Final Fantasy XVI, Kiingereza chake ni bora. Yakuza ni ya Kijapani mpaka kwenye matusi.

## Kuanguka na kurudi

16. Kwa nini inasemwa kwamba kati ya 2006 na 2012 JRPG zilikufa?

Hazikufa, zilihama. Picha za kiwango cha juu za PlayStation 3 na Xbox 360 ziligharimu fedha ambazo studio nyingi za Japani hazikuwa nazo, wakati upande wa pili Oblivion (2006) na Mass Effect (2007) zilikuwa zinawafundisha watu aina nyingine ya RPG. Studio nyingi zikakimbilia konsoli za mkononi, DS na PSP, ambako kazi nzuri ziliendelea kutoka. Aliyetazama televisheni tu aliona jangwa. Final Fantasy XIII ilipofika 2010 ikiwa kama ujia mmoja mrefu, ikawa kielelezo cha lawama zote. Kabla yake, kwenye Tokyo Game Show ya 2009, Keiji Inafune wa Capcom alishatamka kwamba Japani imekwisha.

Mfululizo wa Fire Emblem nao ulikuwa ukingoni. Watengenezaji wa gemu yake ya Awakening waliambiwa mauzo yakiwa mabaya itakuwa ya mwisho. Wakaweka ndoa, watoto na chaguo la askari kutokufa moja kwa moja, na ikauza kupita matarajio.

17. Nini kilizirudisha?

Mwaka 2017 peke yake ulileta Persona 5 na Nier: Automata ndani ya majuma machache. Chini yake kulikuwa na mabadiliko mawili yasiyo na mbwembwe. La kwanza ni kompyuta: Persona 4 Golden ilipowekwa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, Juni 2020, gemu yenye asili ya 2008, iliuza nakala 500,000 upesi. Wanunuzi walikuwepo siku zote, hawakuwa na duka. La pili ni tarehe. Zamani mtu alisubiri mwaka au zaidi, akishasimuliwa mwisho wake. Pokémon X na Y (2013) zilitoka dunia nzima siku moja, Final Fantasy XV (2016) vivyo hivyo, na Metaphor: ReFantazio ilipotoka Oktoba 2024 kila mahali kwa pamoja, ilifikisha nakala milioni moja siku hiyo hiyo.

## Maswali ya wabishi

18. Kuita gemu JRPG ni kuitukana?

Naoki Yoshida, mtayarishaji wa Final Fantasy XVI, alisema mwaka 2023 kwamba watengenezaji wa Kijapani walipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza waliliona la kibaguzi, kama wanatengwa wasishindane na wengine. Ukikumbuka ya swali la 16, unamwelewa: miaka ile lilitumiwa sana kwa dhihaka. Leo kampuni nyingine zinalitumia zenyewe kujinadi. Mimi nalitumia hapa kwa sababu ndilo msomaji analotafutia.

19. Elden Ring ni JRPG?

Imetengenezwa Japani na FromSoftware, ni RPG, na ilipotoka Februari 2022 iliuza nakala milioni 12 katika wiki tatu hivi. Kwa hesabu ya nchi, ni JRPG iliyovunja rekodi. Kwa hesabu ya swali la 1, siyo: unajiundia mhusika, unazurura, hadithi unaiokota vipande vipande. Mababu zake ni wale wale, Wizardry na vitabu vya mazimwi vya Magharibi. Sony ilikataa kuiuza Demon's Souls, mzazi wake, nje ya Asia mwaka 2009, na kampuni ya Atlus ya Marekani ikajiokotea mali.

20. Asiye Mjapani anaweza kutengeneza JRPG?

Ameshatengeneza. Toby Fox, Mmarekani aliyekulia kwenye jamii ya mashabiki wa EarthBound, gemu ile iliyododa, alitoa Undertale mwaka 2015, na baadaye akaombwa muziki wa Pokémon. Aprili 2025 Sandfall Interactive ya Montpellier, Ufaransa, ilitoa Clair Obscur: Expedition 33, yenye zamu, kikosi na msiba mwanzoni kabisa. Ikauza milioni moja kwa siku tatu. Mkurugenzi wake, Guillaume Broche, hafichi kwamba alilelewa na Final Fantasy na Lost Odyssey. Ni ya Kifaransa waziwazi, bereti na mkate mrefu vimo, na bado anayeijua Final Fantasy X anajikuta nyumbani.

21. Kuitengeneza makusudi kwa ajili ya Magharibi hufanikiwa?

Mara chache. Square ilitengeneza Final Fantasy Mystic Quest (1992) ikiwa rahisi ili Wamarekani wasio wazoefu waingie. Wakaiona ya kuwadharau. Filamu ya Final Fantasy ya 2001, iliyotengenezwa Honolulu kwa nyuso zinazofanana na watu halisi, ilikula hasara kubwa. Kingdom Hearts (2002) ndiyo ubishi mzuri dhidi yangu: Donald na Goofy wa Disney ndani ya JRPG, ikapendwa. Ila ukiicheza utaona haikurahisishwa hata kidogo. Hadithi yake ni fundo ambalo mashabiki hawajamaliza kulifungua, na hakuna mkutano wa kibiashara uliokaa ukaamua kwamba Mmarekani anataka hivyo. Final Fantasy XVI nayo, yenye siasa za falme na damu kama tamthilia za Kimarekani, iliuza milioni 3 wiki ya kwanza, na bado mjadala uliokuwa mkali kuliko wote mtandaoni ulikuwa kikosi kilikwenda wapi.

22. Nianze na ipi?

Kama una simu tu, Chrono Trigger ipo kwenye simu na haichoshi; Dragon Quest VIII ipo pia. Kama una kompyuta ya wastani, Persona 4 Golden. Ukiwa na konsoli mpya na muda mwingi, Metaphor: ReFantazio. Usianze na Kingdom Hearts III wala na sehemu ya katikati ya mfululizo wowote wa Trails. Kiswahili hakimo katika gemu yoyote kati ya hizi, kwa hiyo uwe tayari kwa Kiingereza kingi.